Birika la Felisi Limepanda Mlima

Kibosho, Moshi
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa jikoni karibu na moto, miguu imefunikwa vizuri, na Kaka Yona ameegemea mlango akikusomea kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani. Kaka, shikamoo na wewe. Nakusihi usiruke mistari ili uwahi shambani. Tabia yako naijua tangu tukiwa shule.

Mama, mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi Shangazi ilikufikia, au alijichua yeye yote? Viazi vimetoka vizuri? Nasikia huko Njombe baridi ya mwaka huu ilikataa kuondoka. Sisi huku tu wazima. Neema ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama mtu anayepuliza moto. Ng'ombe wetu mwekundu alipunguza maziwa mwezi wa saba, tukahangaika naye sana, lakini sasa amerudia hali yake. Kahawa inaiva polepole, tunachuma kidogo kidogo.

Jana nilikupigia simu mara tatu. Nilikuwa na furaha mpaka maneno yanagongana mdomoni, na mtandao nao ukawa unakatika, nikawa nakusikia tu unasema, "Eh? Nani kapanda? Kapanda nini?" Ndiyo maana leo baada ya misa nimekaa mezani nikuandikie taratibu. Mama, ni gari. Lile gari alilolitengeneza marehemu mume wangu kwa mikono yake limepanda mlima mzima bila kuchemsha, nikiliendesha mimi mwanao, na mama mkwe wangu ameketi pembeni yangu kama mke wa waziri.

Ngoja nianze mwanzo.

Ulipokuja kwenye msiba wa Felisi mwaka jana gari ulilikuta uani limefunikwa turubai, na waombolezaji wengine walikuwa wamelikalia bila kujua ni nini. Alilijenga kwa miaka minne. Injini aliipata kwenye pikapu iliyopinduka, fremu aliichomelea kutoka vyuma vya aina mbalimbali, na bodi ni mabati na mbao za mgrivea. Nyuma kuna sanduku la kubebea maziwa na mikungu ya ndizi. Kile kishikio cha gia alikichonga kutoka kwenye mbuni uliokauka, kimelainika kwa kiganja chake. Vipimo vyake vyote aliviandika kwa mkaa kwenye mlango wa zizi. Mlango huo siufuti. Ng'ombe amelamba namba za chini, lakini zilizobaki nazisoma kila asubuhi ninapokwenda kukamua, kama mtu anayesoma jina.

Gari likawaka, likatembea, likashuka vizuri mpaka pale lami inapoanzia. Halina namba, kwa hiyo hatulifikishi mjini kwa askari wa barabarani, ni la hapa hapa kijijini. Shida ilikuwa kupanda. Kabla ya kanisa kuna kilima kirefu chenye mawe, na pembeni yake kuna kilabu cha mbege cha Mama Anjela. Kila Felisi alipofika pale, gari lilichemsha. Moshi mweupe, maji yanaruka, na wanywaji wote wanatoka nje na vibuyu vyao. Wakalibatiza jina wakaliita Birika.

"Birika hilooo! Leteni majani!"

"Felisi mbe, mimi naomba yenye tangawizi!"

Felisi alikuwa anacheka nao. Anakaa juu ya jiwe, anapiga mluzi, anasubiri lipoe, anajaza maji, anaendelea mpaka nyumbani. Jioni analifungua tena. Kisha akaugua, siku tisa tu, akatutoka. Gari halikuwahi kupita kilima kile hata mara moja bila kusimama.

Mwaka mzima sikuligusa. Kisha mwezi uliopita shemeji yangu Deo, mdogo wake Felisi, akaanza kusema kwamba injini inaoza bure. Yeye anataka kuifunga kwenye kinu cha kusaga mahindi, maana hata mashine ya karibu zaidi iko mbali na akina mama wanabeba mizigo kichwani. Mama, Deo si mtu mbaya. Ndiye aliyechimba kaburi la kaka yake hapa kwenye kihamba, yaani hili shamba la nyumbani la ukoo, na hakukubali mtu mwingine ashike jembe. Na hoja yake ilikuwa ya maana. Ningesema nini? Kwamba napenda kulitazama?

Jumamosi ya juma lililopita akaja na vijana wawili na cheni ya kunyanyulia injini. Wakatoa turubai. Wakafunga gogo kati ya miti miwili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi. Nikamwambia, "Shemeji, nipe muda kidogo, tujaribu kulitengeneza."

Akasema kwa upole, "Shemeji, Kaka mwenyewe alijaribu miaka. Tutaweza sisi? Likichemka linaua injini. Injini ikifa tumekosa gari na tumekosa kinu."

Hapo ndipo Bibi alipotokea. Mama mkwe hapa nyumbani wote tunamwita Bibi kwa ajili ya Neema. Alitokea upande wa migomba, polepole, na mkononi ameshika jani la isale. Hili ni jani refu la kijani wanalolipanda mipakani, na Wachaga wanaliheshimu sana. Mtu akikujia na isale kukuomba jambo au kukuomba msamaha, humkatalii. Nimeona majirani waliogombania mpaka wa mashamba wakipatanishwa nalo. Lakini mama kumpelekea mwanawe wa kumzaa, hilo sikuwahi kuliona, na nadhani hata wale vijana hawakuwahi, maana walishusha cheni chini bila kuambiwa.

Bibi akamnyooshea Deo lile jani kwa mikono miwili.

Deo akarudi nyuma. "Mama! Mama, usifanye hivyo. Rudisha hilo jani."

"Limeshakatwa."

"Ungeniambia tu."

"Nilikuambia mara nne. Ulikuwa unapima kinu."

Deo akalipokea. Machozi yalimlenga, akageuka upande wa zizi ili tusimwone. Kisha akasema mbele yetu sote: mpaka Jumamosi ijayo. Gari likipanda kutoka kwenye lami mpaka nyumbani bila kusimama kuchemsha, litabaki zima na hataligusa tena. Likichemka, injini itoke, na hakuna wa kumlaumu. Bibi akasema, "Haya. Na mimi nitakuwa ndani yake." Hakuwahi kulipanda hata siku moja, na tangu Felisi afariki hakuwa ameligusa hata kwa kidole.

Basi, Mama, nilikuwa na siku saba, na zaidi ya kuliendesha, alikonifundisha Felisi, sijui kitu. Nikaenda kwa Mzee Aloisi, dereva wa zamani wa malori ya kahawa, anayekaa kihamba cha tatu kutoka kwetu. Ana miaka sabini na kitu, sikio moja halisikii, na ukimwambia jambo asilopenda hukugeuzia sikio hilo. Akanifundisha jambo la kwanza kabla hata hajaangalia injini: kofia ya rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto. Rejeta ni lile sanduku la mbele linalopoozea maji ya injini. Akanionyesha kovu kwenye mkono, refu kama kijiko. "Hii ni ya haraka zangu," akasema. "Wewe usiwe na haraka."

Jumapili tulilishusha mpaka kwenye lami na kulipandisha. Lilichemka pale pale kwa Mama Anjela, wakafurahi sana, walikuwa wamelikosa mwaka mzima. Mtu mmoja aliniuliza, "Mama Neema, sukari ngapi?" Tukasubiri likapoa, tukajaza maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kutoka mlimani, tukafika nyumbani salama.

Jumatatu Mzee aliniambia nitandike mfuko mweupe wa unga chini ya injini, kisha tuwashe na tukae tutazame. Mama, ni kama kumtazama kuku anayetaka kutaga. Injini ikiwa baridi hakuna kitu. Ikapata joto, tone. Kisha tone. Mzee akalala chini kwa mgongo, na miaka yake yote ile, akaniita nichungulie. Chini ya pampu inayozungusha maji kuna kitundu kidogo kama cha sindano, na pembeni yake mstari mweupe kama chumvi iliyokauka. "Pampu ikichoka ndani, hulia kwa tundu hili," akasema. "Felisi hakuliona kwa sababu alikuwa analitazama gari likiwa limelala, limepoa, na likilala halilii."

Nilifurahi, nikadhani tumemaliza! Tukafungua maji yote yatoke. Sikuwa na chombo kikubwa, nikakinga kwa kile kipimo changu cha lita moja cha kuuzia maziwa. Lita tisa kamili. Nilihesabu kwa sauti kwa mazoea tu, kama ninavyohesabu kila asubuhi, na Mzee akaniuliza kama nitampa na risiti.

Jumanne nikapanda pikipiki mpaka Moshi mjini, ile pampu ya zamani nimeiviringisha kwenye kanga, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Niliingia maduka matano ya vipuri. Kila mmoja ananiuliza, "Ni ya gari gani, mama?" Ningejibu nini? Nikawa nafungua kanga tu nawaonyesha. Kwenye duka la tano yule muuzaji aliigeuza, akaipima na nyingine tatu, akanipa iliyokubali. Akasema, "Mwambie fundi wako aweke gasketi mpya." Nikamwambia, "Fundi ndiye mimi." Sijui maneno yale yalitoka wapi, Mama. Nilitembea mpaka stendi nikijichekea peke yangu.

Jumatano tukaifunga pampu mpya. Tukajaza maji mpaka rejeta ikafurika, tukafunga kofia. Hakuna tone. Mfuko wa unga ulibaki mkavu. Nikawaita Bibi na Neema waje waone mfuko mkavu, wakaja wakautazama kwa heshima.

Alhamisi Mzee akasema tuliwashe hapo hapo uani, lisimame tu, tuangalie mshale wa joto. Mama, halikuwa hata limesogea. Mshale ulipanda, ukapanda, ukafika kwenye nyekundu, na kabla sijazima, moshi. Limechemka likiwa limesimama nyumbani! Halijawahi kufanya hivyo hata wakati wa Felisi. Tulikuwa tumelitengeneza likawa baya zaidi.

Mzee Aloisi akalizunguka gari zima. Kisha akasema kwamba huenda ni gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya vipande viwili vikubwa vya injini. Ikiungua, ni kazi ya kufungua kila kitu, na tukiwa na bahati ni majuma mawili. Deo alikuwa anapita barabarani na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasimama, akatazama moshi, akaendelea na safari. Ni heri angesema neno.

Siku ile sikula. Bibi aliniletea kiburu, zile ndizi za kupondwa na maharage, akaniwekea mbele na kuondoka. Nilikwenda kuligusa gari lilipoanza kupoa, nikaweka kiganja kwenye injini, bado ilikuwa inaunguza. Nikaweka kwenye rejeta, chini. Ilikuwa baridi, Mama. Baridi kama tumbo la chura. Nikajiuliza inakuwaje chungu kinachemka na chungu cha jirani yake, kilichounganishwa nacho kwa bomba, hakina habari. Lakini sikujua nifanye nini na swali hilo, nikaenda kulala.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakamua. Nikamwaga maziwa kwenye kipimo, lita moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Nikasimama. Jumatatu zilitoka lita tisa. Jumatano nilijaza kwa kipimo hiki hiki, ziliingia sita tu na rejeta ikafurika. Nilikuwa nimehesabu kwa mdomo wangu mwenyewe na sikusikia! Tisa zilitoka, sita zikaingia. Lita tatu hazikupata nafasi. Mahali pake kulikuwa na nini?

Hapo nikakukumbuka wewe, Mama. Unakumbuka ulivyokuwa unatugombeza tukijaza ulanzi kwenye kibuyu kikiwa kimelala? Unasema, "Inueni shingo! Mnajaza hewa!" Kibuyu kikilala, kinafurika mdomoni huku tumboni kuna nafasi tupu.

Nikaiacha ndoo pale pale na ng'ombe ananishangaa, nikatoka nje kulitazama gari. Lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama bondeni. Huku mlimani kila mtu anaegesha hivyo, hata mwenye gari jipya la dukani, ili asubuhi betri ikikataa ulisukume kidogo lijishukie lenyewe liwake. Felisi aliliegesha hivyo siku zote, na siku zote alilijaza maji likiwa hivyo. Na rejeta aliiweka chini kuliko injini ili boneti yake ya bati iwe na umbo zuri. Pua ikiwa bondeni, mdomo wa kujazia unakuwa chini ya kila kitu. Hewa yote inakimbilia nyuma juu ya injini, inakaa huko, maji hayapiti. Ndiyo maana kila lilipochemka kwa Mama Anjela na kujazwa pale, pua ikiwa inatazama juu, lilifika nyumbani bila shida! Sisi tulidhani ni kwa sababu kilima kimeisha.

Nilikimbia kwa Mzee Aloisi na buti za zizini. Nilimkuta anakunywa uji. Nilimweleza kwa haraka, akanigeuzia sikio bovu, nikazunguka upande wa pili nikamweleza tena. Akaweka kikombe chini. Kisha akajipiga paja.

"Mama Neema," akasema, "malori yangu rejeta ilikuwa juu kama paji la uso. Sijawahi kuwaza hivyo hata siku moja. Twende."

Mchana tulililegeza breki likashuka mpaka kwenye njia panda, vijana wa kwaya waliokuwa wanatoka mazoezini wakatusaidia kuligeuza, tukalisimamisha pua ikitazama mlimani kabisa, na mawe nyuma ya magurudumu. Tukafungua kofia likiwa baridi. Tukawasha. Mzee akawa anaminya mpira wa maji kwa mkono, taratibu, kama mtu anayekamua. Kwanza kimya. Kisha, blup. Kisha blup blup blup, mapovu makubwa kama mtoto anayepulizia ndani ya kikombe, na maji yakazama mbele ya macho yetu. Nikaongeza lita. Yakazama. Nikaongeza nyingine. Zikaingia tatu na kidogo juu, Mama! Wale vijana wa kwaya hawakuelewa kwa nini mwanamke mzima anaruka ruka barabarani na kipimo cha maziwa, lakini wakapiga makofi nao. Nikagusa rejeta chini. Ya moto. Sijawahi kufurahia kuungua kiganja namna ile.

Jana, Jumamosi, ndiyo siku yenyewe. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba. Nyonga yake ya kulia inamsumbua, hawezi kupanda magari ya watu, huwa anabaki nyumbani hata siku za misa kubwa. Lakini kwenye gari hili aliingia mwenyewe. Aligeuka, akakaa, akaingiza miguu, basi. Nilistaajabu kidogo ila sikuwa na nafasi ya kuwaza. Mzee Aloisi alikaa nyuma kwenye sanduku na dumu la maji. Deo alitembea kwa miguu nyuma yetu na mawe mawili, moja kila mkono, ili likisimama azuie magurudumu. Tukashuka mpaka kwenye lami, tukageuza.

Nilipoanza kupanda nilikuwa natazama mshale kuliko barabara. Bibi akaniambia, "Mama Neema, wewe tazama njia. Mshale nitautazama mimi." Basi yeye akawa ananisomea. "Uko katikati. Bado katikati. Umesogea kidogo. Umetulia."

Kwa Mama Anjela walikuwa wamejipanga. Habari zilikuwa zimewafikia. Mmoja alikuwa ameshika kikombe na sahani yake kabisa, na mwingine pakiti ya majani ya chai, ananionyesha kama anayeuza. Nikatia gia ya kwanza. Mawe yanarushwa na magurudumu, gari linatikisika, kila bati linapiga kelele yake. "Umesogea," Bibi akasema. "Umesogea tena." Nikasema moyoni, Felisi, usiniache hapa mbele ya watu hawa. "Umesimama," akasema Bibi. "Mama Neema, mshale umesimama! Haupandi!"

Tukapita kilabu. Tukampita mwenye kikombe. Tulipofika juu nikasikia kelele kubwa nyuma na mtu mmoja akipaza sauti:

"Deo! Deo mbe! Ni wewe uliyechemka!"

Nikatazama kwenye kioo. Deo alikuwa anakimbia nyuma yetu, na mawe yake mawili, jasho linamtiririka, mdomo wazi, na anacheka, Mama. Anacheka na kulia kwa pamoja. Hakuyatupa yale mawe mpaka tulipoingia uani.

Nilizima injini. Neema akaja mbio, majirani wakaja. Bibi hakushuka. Deo akafungua mlango amsaidie, akasema, "Mama, tumefika. Shuka."

"Niache kwanza."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Akaupapasa ubao wa kiti, chini, upande wa goti lake. "Unajua huyu alikuja kunipima? Nilikuwa nimekaa jikoni. Akaja na ufito, akapima kutoka chini mpaka gotini, akapima na huku kiunoni. Nikamuuliza, 'Felisi, unanipimia jeneza?' Akacheka, hakuniambia. Nikasahau. Leo nimekaa tu, nikajua. Kiti hiki ni mimi."

Mama, mimi niliishi naye wakati wote huo na sikujua. Nilidhani kiti cha kushoto kilikosewa, maana kila mtu mwingine anayekikalia magoti yanamfika kidevuni.

Deo alikaa chini, akaegemea gurudumu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba injini ya kinu atatafuta nyingine, na kwamba kuanzia kesho yake tukiegesha, pua iwe juu, na betri akanunue yeye. Bibi alikataa kushuka mpaka jioni. Tulimpelekea mtori wake humo humo ndani ya gari, akala, Neema akapanda akalala mapajani mwake, na majirani wakawa wanakuja kumsalimu dirishani, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, naye anawaitikia mmoja mmoja.

Leo asubuhi amekwenda misa. Ni mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimpeleka mimi.

Nikomee hapa, karatasi inaisha na ng'ombe ananiita. Msalimie wifi yangu, mke wa Kaka Yona, mwambie sweta aliyomfumia Neema bado inamtosha mikono. Msalimie Mjomba Elia fundi viatu, mwambie hata mimi sasa ni fundi. Msalimie Shangazi, na yule mama jirani aliyekusindikiza mpaka huku wakati wa msiba. Bibi anakusalimu kwa heshima, Deo naye, na Neema anakubusu kwa pengo lake. Mkishaketi kusali jioni, mnitaje na mimi.

Mwanao,
Esta